Kwa nini mtafiti humwachia panya aliyemnasa

Mkulima wa Morogoro akiwaona watu wa chuo wanapita shambani alfajiri na mifuko ya kitambaa, wanatoa panya kwenye mitego, wanawapima, kisha wanawarudisha palepale walipowatoa, huuliza swali moja: mmeshamkamata, mnamwachia wa nini? Swali lina haki yake. Anayeachiwa ni panya shamba, anayeitwa kitaalamu Mastomys natalensis, na ndiye anayefukua mbegu za mahindi usiku uleule zilipofukiwa. Makadirio yanayotajwa sana yanasema panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka, na katika mwaka wa mlipuko kuna mashamba yanayobaki bila kitu. Mtu aliyelazimika kupanda mara mbili msimu mmoja haoni sababu ya adui yake kupimwa uzito na kuagwa salama.

Jibu fupi ni kwamba panya aliyekufa hutoa habari mara moja tu. Jibu refu linahusu namna ya kuhesabu viumbe wasiohesabika, na humo ndimo kila kitu kinachofanyika shambani kinapopata maana yake: kwa nini mitego ipangwe kwa mistari, kwa nini alama, kwa nini usiku tatu, kwa nini panya asogezwe hata hatua tano kutoka alipokamatwa iwe kosa.

Chukua njia rahisi kwanza. Unatega mitego 100, asubuhi unakuta panya 30. Mwezi unaofuata unakuta 60. Je, panya wameongezeka maradufu? Huenda. Huenda pia idadi ni ileile, ila mbegu za majani zimekwisha porini, njaa imewabana, na chambo chako kimekuwa kitamu kuliko mwezi uliopita. Mtego wenyewe hautofautishi wingi na njaa. Unahesabu walioingia, wala huna habari ya waliopita pembeni. Na kama ulitumia mtego wa kuua, umeongeza tatizo jingine: umetoa wenyeji 30, na mashimo yao yatachukuliwa na majirani, kwa hiyo mwezi wa pili unahesabu kundi ambalo wewe mwenyewe umelivuruga.

Hapo ndipo alama inapoingia. Tuseme usiku wa kwanza umenasa panya 60, ukawatia alama wote na kuwaachia. Usiku wa pili umenasa 50, na kati yao 20 wana alama yako. Maana yake, katika kila panya watano waliopo, wawili wamepita mikononi mwako. Kama hao 60 ni mbili ya tano ya panya wote, basi panya wote ni 150. Hesabu nzima ni hiyo: 60 mara 50, gawanya kwa 20. Uliowashika ni 90 tu, lakini unaweza kusema kitu kuhusu 60 ambao hujawahi kuwaona.

Mantiki hii ni ya zamani kuliko utafiti wa panya. Mfaransa Laplace aliitumia mwishoni mwa karne ya 18 kukadiria idadi ya watu wa Ufaransa kwa kutumia rejista za vizazi. Petersen wa Denmark aliipeleka kwa samaki miaka ya 1890, na Mmarekani Lincoln akaitumia kwa bata waliovishwa pete mwaka 1930. Vitabuni fomula ina majina ya Lincoln na Petersen. Laplace hakuambulia hata herufi.

Lakini hesabu hiyo nyepesi inasimama juu ya masharti, na kila sharti linaweza kuvunjwa na mnyama wa gramu 50. Alama isipotee. Alama isimbadilishe aliyevaa. Panya wote wawe na nafasi sawa ya kunaswa. Na kati ya usiku wa kwanza na wa pili pasiwe na anayezaliwa, anayekufa, anayehamia wala anayehama. Sharti likivunjika hakuna kengele inayolia. Unapata namba safi kabisa, na si ya kweli.

Tuanze na alama, maana ndiko kwenye ubishi mwingi. Kupaka rangi au kunyoa manyoya ni rahisi na hakumuumizi mnyama, ila rangi hulambwa, manyoya huota, na baada ya wiki chache panya wako amekuwa mgeni. Ipo hereni ya chuma yenye namba, ndogo ya jamii ya zile za mifugo, inayobanwa sikioni kwa koleo maalumu. Inasomeka vizuri siku ya kwanza. Kisha panya hupita kwenye vichaka, hupigana, hujikuna, na nyingine hung'oka na kipande cha sikio. Rudi kwenye mfano wetu: kati ya wale 20 waliorudi na alama, watano wakiwa wamepoteza hereni, unaandika 15, na 60 mara 50 gawanya kwa 15 inakupa panya 200. Panya 50 wamezaliwa kwenye karatasi. Wenye uzoefu huvisha hereni mbili, moja kila sikio, kwa sababu wanaorudi na moja tu ndio wanaokuonyesha jinsi hereni zinavyopotea.

Njia iliyotumika zaidi kwa panya wadogo, Morogoro ikiwemo, ni kukata ncha za vidole. Kila kidole kimepewa tarakimu, na mpangilio wa vidole vilivyokatwa ndio namba ya panya huyo maisha yake yote. Haipotei, haigharimu kitu, na kipande kilichokatwa hutunzwa kwenye alkoholi kwa ajili ya vipimo vya vinasaba. Ubaya wake hauhitaji kuelezwa. Kamati za maadili ya wanyama katika vyuo vingi huitazama kwa jicho kali, na baadhi ya watafiti wameiacha. Wanaoitetea wanasema kidonda kidogo kinachopona haraka ni bora kuliko hereni inayonasa kwenye miiba, au kuliko mradi mzima kushindikana kwa gharama. Mimi naona hoja ya gharama ni ya kweli kuliko ile ya kidonda, na ingekuwa vyema isemwe wazi hivyo.

Mbadala ni chipu: kidude cha kioo cha urefu wa milimita 8 hadi 12, kinachochomwa chini ya ngozi ya mgongoni kwa sindano nene. Hakina betri. Ukipitisha kisomeo juu ya panya, kidude huamka kwa nguvu ya mawimbi ya kisomeo chenyewe na kurudisha namba ambayo hakuna panya mwingine duniani anayo. Kosa la kusoma kidole kwa mwanga hafifu wa alfajiri linaisha. Ila chipu moja ina bei yake, panya watoto ni wadogo mno kwa sindano ile, na mradi unaotia alama maelfu ya panya ambao wengi wao hawatafikisha mwaka unajikuta unazika fedha ardhini.

Sasa mitego. Inayotumika sana ni ya Sherman, sanduku la alumini linalokunjika, urefu wa sentimita 23 hivi, lenye mlango mmoja wa springi na kibao ndani. Panya anafuata chambo hadi mwisho, anakanyaga kibao, mlango unafyatuka nyuma yake. Hakuna kinachombana wala kumkata. Chambo cha Morogoro ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi, donge dogo linalowekwa nyuma kabisa ili asile akiwa nusu nje. Ufundi upo kwenye kibao: kikikazwa sana, panya mdogo anakula na kuondoka, kikilegezwa sana, upepo unafunga mlango. Baada ya mvua, tope kidogo likiingia chini ya kibao, mtego huo ni sanduku tu mpaka mtu aukung'ute.

Kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mjini Morogoro kuna eneo la hekta 3, mita 100 kwa 300, lenye vituo 300 vya mitego vilivyoachana mita 10. Tangu 1994, kazi iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa SUA na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, ikiongozwa na watafiti wa panya kama Rhodes Makundi na Herwig Leirs, imekuwa ikitega hapo usiku tatu mfululizo karibu kila mwezi. Ni nadra Afrika kupata kundi la panya lililofuatiliwa kwa muda mrefu hivyo, na mfululizo kama huo hauwezi kununuliwa baadaye. Mwezi usiotegwa hauna wa kuurudisha.

Asubuhi yenyewe ina mwendo wake. Mitego hukaguliwa mapema, kabla jua halijapanda, kwa kuwa alumini kwenye jua la Morogoro huwa tanuri. Mlango ukiwa umefungwa, mtu huinua mtego asikie uzito. Kisha mdomo wa mfuko wa kitambaa hufunikwa kwenye mlango, mlango husukumwa, mtego hukung'utwa, na panya hudondokea mfukoni. Mfuko hutundikwa kwenye mzani mdogo wa springi ukiwa na panya, na baadaye mtupu, tofauti ndiyo uzito wake. Hapo anashikwa kupitia kitambaa, ngozi ya shingo kati ya kidole gumba na cha shahada, na kugeuzwa tumbo juu. Dume hutazamwa kama korodani zimeshuka. Jike hutazamwa kama uke umefunguka, kama ana mimba, kama ananyonyesha. Kwa jike wa panya shamba, chuchu ni nyingi ajabu: zinaweza kufika 24. Mnyama mwenye mimba ya siku 23 na chuchu kiasi hicho hahitaji maelezo zaidi kwa nini mkulima hulala na asubuhi akaamka amevamiwa.

Namba, uzito, jinsia, hali ya uzazi, kituo cha mtego: vyote vinaandikwa kwenye mstari mmoja. Halafu panya anawekwa chini palepale alipotegwa. Hapa ndipo wasaidizi wapya hukosea kwa huruma, wakimsogeza karibu na kichaka. Panya aliyeachiwa nje ya eneo lake analijua jambo moja tu, kwamba yupo pabaya, na anaweza kuliwa na kipanga kabla ya saa mbili au kuhamia kwa majirani. Kwenye daftari atakuwa ametoweka, na ni wewe uliyemtowesha.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na kwenye eneo la utafiti msemo huo hauna mafumbo. Huingia panya wadogo wa jamii ya Mus wenye gramu chache, panya milia, mara konokono, mara chura. Anayesumbua zaidi ni kirukanjia, kwa sababu si panya, hula wadudu, na mwili wake unachoma chakula haraka kiasi kwamba saa chache bila kula humuua. Siagi ya karanga haimwokoi. Siafu nao wakipata mtego wenye mnyama, asubuhi utakuta mabaki. Timu makini huondoa mitego iliyo kwenye njia ya siafu hata kama inaacha pengo kwenye mstari, na huandika kila kifo, maana vifo vikizidi kiwango cha kawaida, kosa ni la saa ya ukaguzi, si la bahati. Kisha wapo watu. Alumini ina soko, na hakuna fomula ya mtego ulioibwa.

Panya shamba wana tabia nyingine inayopinda hesabu: wanapenda mtego. Aliyekula karanga usiku wa kwanza na kuachiwa bila kudhurika amejifunza kwamba kuna sanduku lenye chakula na malazi. Usiku wa pili hurudi mbio. Badala ya 20 wenye alama unapata 30, na 60 mara 50 gawanya kwa 30 inakuambia wapo 100, kumbe ni 150. Wapo pia wanaoogopa mtego baada ya kuonja mfuko na mzani, na hao hupinda hesabu upande wa pili. Dawa yake ni kutega usiku zaidi ya mbili, ili uone historia ya kila panya: huyu alinaswa usiku wa kwanza na wa tatu, yule wa pili tu, na kutokana na ruwaza hizo ukadirie jinsi kunaswa mara moja kunavyobadili uwezekano wa kunaswa tena. Ndiyo kazi ya usiku wa tatu.

Mpaka wa eneo nao hudanganya. Panya wa pembeni hawajui kwamba hekta zako zimeishia hapo. Wanaingia kutoka nje, wanakula, wanarudi. Kama wanatoka hadi mita 10 nje ya mpaka kila upande, eneo lako halisi ni mita 120 kwa 320, yaani hekta 3.84. Panya walewale 150 wanakuwa 39 kwa hekta, si 50. Ripoti mbili zinazotofautiana kiasi hicho zinaweza kuwa zinazungumzia shamba lilelile na panya walewale.

Sharti la mwisho, kwamba hakuna anayezaliwa wala kufa, linashikika kwa usiku tatu lakini si kwa mwezi. Kati ya Mei na Juni kundi zima linaweza kugeuka. Mwaka 1964 na 1965 wanatakwimu watatu, Cormack, Jolly na Seber, walionyesha namna ya kukadiria uhai wa wanyama walioachiwa hata pale kundi linapobadilika. Mwaka 1982 Kenneth Pollock akaunganisha mambo mawili: ndani ya usiku chache mfululizo, chukulia kundi limefungwa na ukadirie idadi, kati ya mwezi na mwezi, lichukulie liko wazi na ukadirie wangapi wamesalimika. Ratiba ya Morogoro ya usiku tatu kila mwezi inafuata mpango huohuo. Kuna kitu kimoja ambacho hata hapo hakitenganishwi vizuri: panya aliyekufa na panya aliyehama wanaacha nafasi iliyo tupu sawasawa kwenye daftari.

Faida ya subira hii ilianza kuonekana miaka ya 1990. Kwa kufuatilia panya mmojammoja, Leirs na wenzake waliona kwamba watoto waliozaliwa katika msimu wa uzazi unaofuata masika kwa kawaida hawakomai haraka. Hukaa wadogo miezi mingi, wakisubiri masika inayofuata ndipo wazae. Lakini vuli ikinyesha vizuri, Novemba na Desemba, majani mabichi huota, panya hao hukua ghafla na kuanza kuzaa mapema. Watoto wao wanawahi msimu mkuu wa uzazi na kuzaa nao. Vizazi viwili vinabebana ndani ya mwaka ambao kwa kawaida ungekuwa na kimoja. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha hesabu zao zikionyesha kwamba mvua na msongamano wa panya wenyewe hushirikiana kuamua wangapi wanaishi na wangapi wanakomaa. Hakuna hata moja ya habari hizo ingeonekana kwenye ndoo ya panya waliokufa: ni lazima umkute panya yuleyule Novemba akiwa na gramu 25, na umkute tena Januari akiwa na mimba.

Alama zilezile zimetumika kufuatilia magonjwa. Matone machache ya damu kwenye karatasi ya kuchujia, yakichukuliwa kwa panya yuleyule mwezi baada ya mwezi, huonyesha ni lini aliambukizwa na kama kinga yake imebaki. Kwa njia hiyo kimefuatiliwa kirusi kilichopewa jina la Morogoro, ndugu wa kirusi cha homa ya Lassa ya Afrika Magharibi, ambayo pia hubebwa na Mastomys natalensis. Kirusi cha Morogoro hakijulikani kuwasababishia watu ugonjwa, na ndiyo maana ni mahali salama pa kujifunzia jinsi jamii hiyo ya virusi inavyosambaa kati ya panya. Hata hivyo glavu hazivuliwi. Mkojo wa panya unaweza kuwa na leptospira, bakteria wanaosababisha homa ya mgunda, na viroboto wa panya wamehusishwa na tauni iliyozuka Lushoto kuanzia 1980.

Kwa mkulima, kinachofika shambani kwake ni tahadhari ya mapema. Januari ikianza, mvua ya vuli imeshapimwa, na wingi wa panya wenyewe huwa bado haujaonekana. Hujitokeza miezi kadhaa baadaye, kuanzia katikati ya mwaka. Katika pengo hilo panya ni wachache na sumu kidogo inafanya kazi kubwa, kuliko ile inayonunuliwa kwa hasira mbegu zikiwa zimeshafukuliwa. Utabiri huo hautaji shamba la fulani. Unazungumzia wilaya au ukanda. Na hauna maana kwa mtu mmoja akitega peke yake, kwa sababu shamba lililosafishwa katikati ya mashamba yasiyosafishwa hujaa tena baada ya wiki chache. Ni lazima kijiji kitege pamoja, siku zilezile, mwaka ambao bado hakuna anayelalamika kuhusu panya.